Kichupa cha ugoro cha Kichina: umri wake, jiwe lake na bei yake

Swali la msomaji wa Tanga, kwa ufupi: Marehemu baba yake alikuwa baharia wa meli za mizigo. Katika sanduku lake wamekuta kichupa cha jiwe la kijani kilichochongwa mtoto amepanda nyati wa majini chini ya msonobari. Kizibo chake ni chekundu, na kimeshika kijiko chembamba kinachoingia ndani. Kimo chake ni sm 6.3, upana sm 4.8, unene sm 2.4, na bila kizibo kina uzito wa gramu 88. Kitakoni pana herufi nne za Kichina. Sonara mmoja ametazama kwa macho tu akasema ni jedi (jiwe la thamani linalopendwa na Wachina) ya zamani sana, na mnunuzi ameshatoa ahadi ya shilingi laki tatu. Anauliza ni cha lini, ni jiwe gani, kina thamani gani, na kama akiuze.

Dada yangu, Mungu amrehemu baba. Usikiuze wiki hii, na usikiwekee matumaini makubwa pia, mpaka umefanya vipimo vichache ambavyo havitakugharimu kitu zaidi ya kuazima mizani ya sonara, lenzi yake ya kukuza mara 10, na kununua bomba la sindano la mililita 10 duka la dawa. Nitaanza na tumbo la kichupa. Watu wengi huanza na nakshi ya nje na maandishi ya chini, na hapo ndipo wanapopigwa, kwa kuwa nakshi na maandishi ni vitu ambavyo karakana yoyote huweza kuviiga. Tumbo ni kazi ya subira, haionekani dukani, na mtengenezaji wa haraka haihangaikii.

Lakini kabla ya tumbo, mipaka ya umri, maana inaondoa uongo mwingi kwa pigo moja. Wachina walijifunza kunusa ugoro kutoka kwa Wazungu, na desturi hiyo ilishika mizizi katika jumba la kifalme zama za kaizari Kangxi, aliyetawala kuanzia 1661 hadi 1722. Mwaka 1696 alianzisha karakana ya vioo mjini Beijing chini ya padri Mjesuti kutoka Ujerumani, Kilian Stumpf, na vichupa vya ugoro vilikuwa miongoni mwa kazi zake. Wazungu waliweka ugoro katika vijisanduku. Wachina waliona chupa yenye kizibo cha koki (gome laini la mti) inazuia unyevu vizuri zaidi, na kijiko kidogo kikaunganishwa na kizibo ili ugoro utolewe bila kumwagika. Biashara hiyo ilistawi karne ya 18 na ya 19. Nasaba ya Qing ilipoanguka 1911 na sigara kuenea, wanusaji wakapungua sana, na tangu hapo vichupa vimetengenezwa zaidi kwa ajili ya wakusanyaji na watalii. Kwa hiyo mtu akikuambia kichupa chako ni cha nasaba ya Ming, iliyokwisha 1644, achana naye. Vivyo hivyo anayekuuzia kichupa akidai kimefukuliwa Kilwa au Gedi pamoja na vigae vya kauri za Kichina. Kauri za miji ile ni za kweli, lakini miji yenyewe ilikuwa imeshapita kilele chake kabla kichupa cha kwanza cha ugoro hakijatengenezwa.

Sasa tumbo. Fundi wa zamani hakukata jiwe kwa chuma. Chuma hakiwezi jedi wala akiki. Alipaka unga wa mawe magumu zaidi uliochanganywa na maji, na keekee ikausugua unga huo mpaka jiwe likaliwa. Alitoboa shimo la wima kupitia mdomo, kisha akaingiza vyuma vilivyopindwa, kila kimoja kimepinda zaidi ya kilichotangulia, akala jiwe chini ya mabega mpaka ukuta wa ndani ukafuata umbo la nje. Yote hayo kupitia tundu la milimita 5 hadi 8, bila kuona anachokifanya. Kichupa cha kisasa cha bei nafuu hutobolewa kwa keekee ya umeme, mara moja, moja kwa moja. Ndani kinabaki na shimo kama la bomba, na mabega ni jiwe tupu.

Namna ya kuangalia: ingia chumba chenye giza, weka taa ya simu ikigusa ubavu wa kichupa. Jiwe likiwa linapitisha mwanga hata kidogo, utaona sehemu ya ndani iking'aa na sehemu nene zikibaki nyeusi. Ukiona mstari wa mwanga wa wima katikati na giza pande zote mbili, shimo ni la moja kwa moja. Ukiona mwanga umetanda sawasawa hadi karibu na kingo, fundi alifanya kazi. Kisha chukua waya mwembamba wa shaba, upinde ncha yake kwa milimita 5, funga ncha hiyo kwa utepe wa plastiki usije ukakwaruza, uingize mdomoni na uuzungushe chini ya bega. Waya ukipata nafasi ya kuzunguka na kupanda juu, bega limechimbwa. Ukigonga ukuta mara tu baada ya shingo, halikuchimbwa.

Uzito wako wa gramu 88 tayari unanipa mashaka. Kwa vipimo ulivyotoa, umbo la bapa lenye mabega ya mviringo lina ujazo wa nje wa karibu mililita 38. Kama jiwe ni jedi ya kawaida, gramu 88 ni mililita 30 za jiwe. Nafasi inayobaki ndani ni mililita 8 hivi. Kichupa cha ukubwa huo kilichochimbwa vizuri ningekitegemea kiwe chini ya gramu 65. Hesabu hii ni ya makadirio kwa sababu nakshi imeondoa jiwe nje, hivyo ithibitishe: jaza maji kwa bomba la sindano mpaka mdomoni, uandike mililita ngapi zimeingia.

Wakusanyaji wa vichupa vya akiki wana kipimo chao cha sifa: kichupa kilichochimbwa kwa ustadi mkubwa, kikizibwa, huelea juu ya maji, ijapokuwa ni jiwe. Huna haja ya kukitupia majini. Kikiwa na gramu pungufu ya mililita za ujazo wake wa nje, kitaelea. Vichache sana hufikia hapo, na chako hakimo.

Lakini niseme wazi: tumbo baya peke yake si ushahidi wa upya. Karne ya 19 ilikuwa na karakana za haraka pia, na wenye jedi nyeupe nzuri mara nyingine waliogopa kulipunguza jiwe. Tumbo baya hushusha bei kwa vyovyote. Ushahidi wa umri unatoka kwenye alama za vifaa na uchakavu, na hizo nitazifikia.

Jiwe gani? Hapa usimtegemee mtu anayetazama kwa macho, awe sonara au profesa. Vitu vya kijani vinavyoitwa jedi ni vingi: nefraiti, ambayo ndiyo jedi ya Wachina tangu kale, jedaiti, inayotoka Burma (leo Myanmar), sepentini, jiwe laini la kijani ambalo masoko huliita jedi mpya, kwatzi iliyotiwa rangi, kioo, na plastiki ya utomvu. Kitu kimoja kinachozitenganisha bila kuziumiza ni uzani wa jiwe ukilinganishwa na maji, na mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01 inatosha.

Chemsha maji uyaache yapoe, ili hewa itoke. Toa kizibo, pima kichupa kikiwa kikavu. Weka bilauri ya maji juu ya mizani, tia tone moja la sabuni ya vyombo majini, kisha urudishe mizani kwenye sifuri. Funga uzi mwembamba shingoni, zamisha kichupa, na ukijaze ndani kwa bomba la sindano linalovuta maji ya bilauri hiyohiyo, kikiwa chini ya maji huku ukikitikisa mpaka povu lote litoke. Hapa ndipo watu wanapokosea: hewa iliyonasa chini ya mabega huongeza usomaji, na nefraiti nzuri ikaonekana kioo. Kining'inize kisiguse pembeni wala chini, kizame chote, usome mizani. Gawa uzito mkavu kwa usomaji huo. Rudia mara tatu. Majibu yasipolingana, bado una hewa.

Kwa gramu zako 88 mambo yatakuwa hivi. Ukisoma karibu 29.8, jibu ni 2.95, nayo ni nefraiti. Ukisoma 26.4, jibu ni 3.33, nayo ni jedaiti. Ukisoma 33.2 ni 2.65, jamii ya kwatzi na akiki. Ukisoma 34 na zaidi kidogo, jibu ni 2.57 au chini yake, na hapo ni sepentini au kioo. Plastiki haitafika hata 2. Sepentini na kioo vinakaribiana, kwa hiyo vitenganishe kwa lenzi: kioo kina viputo vya mviringo na mikondo kama ya sharubati, na kikiguswa na shavu kinapata joto upesi, sepentini haina viputo, ina mawingu na mara nyingi madoa meusi. Kama bado una shaka, ncha ya sindano ya chuma ikisuguliwa mahali pasipoonekana kwenye ukingo wa kitako mara nyingi huchora sepentini, lakini haichori nefraiti. Jiwe la sabuni, lile la Kisii na ndugu zake wa China, huchorwa hata na ukucha. Lifanye jaribio hili mwisho kabisa, na kwenye kitu unachokishuku tu.

Kijani cha kutiwa hujifichua chini ya lenzi: rangi imejikusanya kwenye nyufa ndogo kama mizizi, na kati ya nyufa jiwe ni jeupe. Jedaiti ikitoa jibu zuri la uzani, iangalie pia kwa ile taa ya zambarau wanayokagulia noti bandia. Jedaiti iliyooshwa kwa asidi na kujazwa utomvu mara nyingi hutoa mng'ao wa samawati hafifu. Nefraiti asilia kwa kawaida haing'ai.

Jambo la historia linalosaidia hapa: jedi nyeupe na ya kijani kutoka Khotan, mji wa eneo la Xinjiang, iliingia China kwa wingi baada ya majeshi ya kaizari Qianlong kuiteka Xinjiang mwaka 1759, na jedaiti ya Burma ikaja kwa wingi baadaye zaidi. Kichupa cha jedaiti kinachodaiwa kuwa cha Kangxi kinahitaji ushahidi mzito sana.

Onyo kabla hujamwaga maji. Usizamishe kamwe kichupa kilichochorwa picha kwa ndani, maana rangi zake zinaweza kuyeyuka na hazirudi. Sanaa hiyo ilianza mapema karne ya 19, ikafika kilele mwishoni mwa karne kwa mafundi kama Zhou Leyuan na Ma Shaoxuan. Usizamishe pia cha laka (vanishi ya utomvu wa mti), cha pembe, wala kilichobandikwa vipande vya mawe kwa gundi.

Kwa wenye vichupa vya vitu vingine, niguse haraka. Akiki ni ngumu na husifiwa pale fundi alipotumia doa la asili la jiwe kuwa ndege au farasi. Doa lililopakwa rangi huishia juu juu tu. Kioo cha tabaka mbili, kwa mfano nyekundu juu ya nyeupe, hukatwa kama jiwe mpaka tabaka la juu libaki kwenye picha peke yake. Ukiona mshono wa kalibu ubavuni, hakikukatwa. Vioo vya mapema kabisa vya Beijing vina ugonjwa wa nyufa nyembamba kama nywele ndani ya kioo chenyewe, uliotokana na mchanganyiko usio sawa, na hizo si dosari za kuangushwa. Marijani halisi ina mistari midogo sambamba inayoonekana kwa lenzi. Iliyotiwa rangi huacha wekundu kwenye pamba yenye dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Fanya hivyo kwa kizibo chako chekundu. Kuna uwezekano mkubwa ni kioo au plastiki, na hilo lisikusumbue, kwa kuwa vizibo vilipotea na kubadilishwa kila mara.

Kaharabu nataka niikalie kidogo, kwa sababu sisi watu wa pwani tuna kitu kinachofanana nayo sana. Sandarusi yetu, ile iliyochimbwa bara na kupelekwa Unguja kwa shehena, ina rangi ileile, wepesi uleule, na huelea kwenye maji ya chumvi kama kaharabu. Kwa hiyo jaribio la maji ya chumvi, ambalo kila mtu hulitaja, haliwezi kuzitenganisha. Linaondoa kioo na plastiki nzito tu, tena kwa sharti kichupa kijazwe maji hayohayo ndani. Ukikizamisha kikiwa na hewa tumboni hata kioo kitaelea. Koroga gramu 50 za chumvi katika mililita 250 za maji. Kikielea, weka tone moja la ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha ndani ya ukingo wa mdomo kwa sekunde chache, ukiguse kwa ncha ya kijiti. Sandarusi hulainika na kunata, kaharabu haibadiliki.

Pembe za ndovu na za kifaru zina sheria zake. CITES, mkataba wa kimataifa unaolinda wanyama na mimea iliyo hatarini, ulifunga biashara ya kimataifa ya pembe za kifaru tangu 1977 na za ndovu wa Afrika tangu 1990, na hapa Tanzania na Kenya nyara za namna hiyo bila kibali ni kesi kubwa. Usinunue, usisafiri nazo. Hili linakuhusu wewe pia: vijiko vya vizibo vya zamani vilitengenezwa mara nyingi kwa pembe ya ndovu au ng'amba (gamba la kasa). Kiangalie chako kwa lenzi. Pembe ya ndovu kwenye sehemu iliyokatwa huonyesha mistari inayokatana. Mfupa una vitone vyeusi. Mwanzi una nyuzi. Kikiwa ni pembe au ng'amba, usikitume nje kabla hujaonana na idara ya wanyamapori.

Turudi kwenye umri. Chukua lenzi na mwanga wa dirishani unaokuja kwa upande. Tazama kwanza ile sehemu tambarare kati ya mtoto na msonobari, yaani uwanja wa nakshi. Kuishusha sehemu hiyo iwe sawa kila mahali, kisha kuing'arisha mpaka ndani ya kona, ndiyo kazi ngumu ya mchongaji, na ndiyo anayoikwepa mwenye haraka. Katika kazi nzuri ya zamani uwanja ni tulivu, haupandi wala kushuka, na kingo za picha zimelainika kwa sababu ung'arishaji ulifanywa kwa ngozi, mbao na unga mwembamba kwa muda mrefu. Katika kazi ya kisasa ya vifaa vya almasi, uwanja una mawimbi, kwenye kona kuna ukungu mweupe usiong'aa, na mifereji ya manyoya ya nyati ina vijinundu vya hatua kwa hatua pale kifaa kilipotetemeka. Macho ya mtoto yakiwa ni vishimo viwili vya duara kamili vyenye ncha ya pia chini, hiyo ni keekee ya umeme.

Kisha kitako. Kichupa kilichotumika miaka mingi kimesimama, kimesukumwa, kimegeuzwa. Ukingo wa kitako una mikwaruzo ya urefu tofauti inayokwenda kila upande, mingi pale palipochomoza zaidi, na hakuna kabisa ndani ya bonde la kitako ambapo hapagusi meza. Aliyechakaza kwa msasa ameacha mikwaruzo sambamba, ya kina kimoja, na mara nyingi imeingia hadi bondeni. Mdomo nao: kijiko na koki vilivyoingia na kutoka huacha ukingo wa ndani umelainika. Ukingo mkali wa kukata kidole ni wa kitu ambacho hakijatumika, au wa mdomo uliosagwa upya baada ya kumegeka. Shingo fupi kuliko inavyostahili, yenye mdomo bapa usiong'aa, ndiyo dalili ya kusagwa, na hushusha bei.

Uchafu nao hutengenezwa. Mabaki ya ugoro ndani huwa ni utando mkavu wa kahawia uliokolea chini, na mara nyingine bado una harufu. Weusi wa kupakwa kwenye nakshi, wa chai, rangi ya viatu au dawa, hutoka kwenye pamba ya masikio yenye spiriti ukiwa umepakwa karibuni. Jaribu sehemu ndogo tu, na usijaribu juu ya enameli (rangi ya kioo iliyochomwa) wala rangi nyingine.

Herufi zako nne nimeziweka mwisho makusudi. Karibu kwa hakika ni Qianlong nian zhi, yaani kilitengenezwa katika utawala wa Qianlong, 1736 hadi 1795. Ndiyo alama inayoigwa kuliko zote, imeigwa tangu karne ya 19 mpaka leo, na vichupa vingi vya jiwe vya kweli havikuwekewa alama yoyote. Kitu kimoja cha kuangalia: fuata mkwaruzo mmoja wa kitako unaokaribia herufi. Mkwaruzo ukipita juu ya kingo za herufi na kuzilainisha, herufi ilikuwepo wakati wa matumizi. Herufi ikikata mkwaruzo na kingo zake zikabaki kali, na chini ya mfereji ni peupe, iliandikwa baadaye. Alama iliyoongezwa juu ya kichupa halisi cha 1850 ni jambo la kawaida, na haikifanyi kichupa chenyewe kuwa bandia; inakuondolea tu ndoto ya kaizari. Kauri ni habari nyingine: alama nyekundu za Daoguang, 1821 hadi 1850, kwenye vichupa vya kauri vya Jingdezhen, mji wa kauri wa China, mara nyingi ni za kweli. Na neno China kwa herufi za Kilatini huelekeza kwenye bidhaa za baada ya 1891, sheria ya forodha ya Marekani ilipodai jina la nchi. Kukosekana kwake hakuthibitishi kitu, maana mara nyingi lilikuwa kwenye karatasi ya kubandikwa.

Bei. Utasikia kwamba mwaka 2011 huko Hong Kong nyumba ya mnada ya Bonhams iliuza kichupa kutoka mkusanyo wa Mary na George Bloch kwa zaidi ya dola milioni 25 za Hong Kong. Ni kweli, lakini kile kilikuwa kioo kilichopakwa enameli katika karakana za ikulu za Qianlong, chenye historia ya umiliki iliyoandikwa. Hakikupandishii chako hata senti. Katika soko la kawaida, kichupa cha kitalii cha sepentini au kioo ni dola 5 hadi 30 za Marekani. Nefraiti halisi ya karne ya 20, iliyochimbwa hivihivi, ni dola 50 hadi 150. Kichupa halisi cha karne ya 19, jiwe la wastani, mdomo mzima, kwa kawaida kinauzwa kati ya dola 200 na 1,500. Juu ya hapo unalipia ustadi na hati, na hapo dola elfu kadhaa si ajabu. Mmego wa mdomo unaoonekana kwa macho unaweza kula nusu ya bei. Kizibo kisicho cha asili hakili kitu.

Laki tatu ni kiasi cha dola mia moja na kitu. Kwa hiyo: uzani ukitoka 2.57 au chini, chukua fedha, mnunuzi amekupa zaidi ya haki yako. Ukitoka 2.95, tumbo likawa la bomba, uwanja una mawimbi na kitako hakina mikwaruzo ya kweli, ni nefraiti ya karne ya 20, labda aliyonunua baba bandarini Hong Kong, na laki tatu ni bei ya haki. Kama ni ukumbusho wake, kibaki nyumbani bila majuto. Ukitoka 2.95 au 3.33, mabega yamechimbwa na kitako kimechakaa kama nilivyoeleza, usiuze kwa mtu wa mtaani. Nyumba kubwa za mnada hutoa makadirio bure kwa picha.

Picha zinazotakiwa ni sita: mbele, nyuma, ubavu mmoja, mdomo kutoka juu bila kizibo, kitako kwa mwanga wa upande, na moja gizani taa ikiwa nyuma ya jiwe. Weka rula kando. Andika uzito mkavu, usomaji wa majini, na mililita zilizoingia tumboni. Barua, risiti, au kitabu cha ubaharia cha baba kinachoonyesha bandari na miaka aliyopita huko, kipige picha pia, kwa sababu karatasi ya namna hiyo mnunuzi wa mbali huilipia. Ukiacha kile kipimo cha majini, usikioshe wala kukipaka mafuta kabla ya hapo. Kikishakauka baada ya kipimo, usikizibe kwa siku mbili, na koki kavu usiilazimishe: ikikatikia shingoni, kuitoa kwa msumari ndiko kunakomega mdomo.